Nimeshusha nyuzi hadi C, mbona gitaa halikai sawa?

SWALI: Mhariri, ninapiga gitaa la umeme katika bendi ya roki nzito. Ili tupate sauti nene, nilishusha nyuzi zote sita kwa nusu toni nne, uzi wa sita ukatoka E hadi C. Tangu hapo uzi huo unagonga freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo), na kordi zinasikika kombo ingawa kifaa cha kupimia kinaonyesha kila uzi uko sawa. Je, gitaa limeharibika?

JIBU: Gitaa lako ni zima, ndugu msomaji, kilichopungua ni mkazo wa nyuzi. Uzi wa sita, ambao ukiwa E hutetema takriban mara 82 kwa sekunde, ukiwa C hutetema mara 65, na kwa kuwa mkazo hufuata mraba wa kasi hiyo, uzi uleule umebaki na takriban asilimia 63 ya mkazo wake wa awali. Upige kwa nguvu huku ukitazama kifaa chako: mshale utaruka juu ya C, kisha utateremka polepole. Kidole kinachokandamiza mno nacho huuvuta uzi vivyo hivyo, na hapo ndipo kordi zinapokwenda kombo.

Tafuta nyuzi nene zaidi. Ikiwa uzi wako wa sita una unene wa inchi 0.046, wa inchi 0.056 au 0.058 utakurudishia karibu mkazo wote. Ukishaufunga, hakikisha unaingia vizuri katika mfereji wake kwenye kichwa cha shingo, kisha rekebisha urefu wa kila uzi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea tumboni mwa gitaa, hadi noti ya freti ya 12 ilingane na oktavu ya uzi huo usiobanwa, yaani noti ileile iliyo juu zaidi.

Hata hivyo, ulegevu wenyewe si kosa. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, ambaye hupiga kwa mkono wa kushoto, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule unaobana nyuzi, katika ajali ya kiwandani. Nyuzi nyembamba zilizolegezwa zilimpunguzia maumivu, na katika nyimbo kadhaa za albamu ya mwaka 1971, Master of Reality, alishusha gitaa kwa nusu toni tatu. Uzito ule ninaupenda mno, lakini unadai mkono mwepesi.

Ikiwa unachotafuta ni mngurumo wa chini tu, ningekushauri uanze kwa kurudisha nyuzi tano mahali pake na kushusha uzi wa sita peke yake hadi D. Nyuzi tatu nene zitakuwa D, A na D, na kidole kimoja kikilazwa juu yake kwenye freti yoyote kitakupa kordi nzito iliyokamilika. Punguza pia besi kwenye amplifaya, kwa sababu distosheni (ile sauti ya kukwaruza) ikichanganyika na besi nyingi hufanya noti za chini zisitofautike, na mpiga gitaa la besi wa bendi yenu atakosa nafasi ya kusikika.