Barua kwa mwanangu: gauni hukatwa kwa mwili uliopo

Mwanangu,

Marahaba, mama. Kitambaa cha gauni lako la kuagwa kimefika salama, mita tano za satini na mita tatu za lesi, na ile karatasi yako ya vipimo nimeikuta imekunjwa ndani ya lesi. Umeandika, kwa inchi: kifua 38, kiuno 28, nyonga 45. Pembeni, kwa herufi ndogo: "Mama, kiuno kwa sasa ni 32, ila kata 28, zimebaki wiki sita. Nitafika?"

Kabla ya kufika, niambie hicho kiuno umekipimia wapi. Wasichana wengi hupima pale suruali inapokalia, chini ya kitovu, na pale si kiuno. Funga lastiki nyembamba tumboni, kisha jipinde kushoto na kulia mara tatu nne. Lastiki yenyewe itateleza na kutulia penye kiuno chako. Pima hapo, pumzi ikiwa imetoka kawaida, bila kuvuta tumbo ndani, na kidole kimoja kiweze kupita chini ya futi ya kupimia. Pima jioni ukiwa umeshakula. Kiuno cha asubuhi na tumbo tupu kinaweza kuwa pungufu kwa inchi nzima, na wewe unaagwa usiku, tena umekaa, umeshalishwa keki na pilau. Usipime siku zako zikikaribia, mwili huwa umeshika maji. Na hiyo futi yako, kama ni ile ya plastiki uliyoondoka nayo hapa ukienda chuo, ilaze kwanza kwenye rula ya mbao uone kama inchi zake bado ni inchi. Futi za plastiki huvutika, na futi iliyovutika husoma pungufu, ikakufurahisha bure.

Nyonga nazo pima umesimama, halafu pima umekaa kwenye kiti kigumu. Utaona zimeongezeka. Hujanenepa katikati ya sebule. Nyama inapokaa hutandaa. Ndiyo maana satini, isiyovutika, huachiwa inchi 2 za ziada nyongani na inchi 1 kiunoni.

Gauni hukatwa kwa mwili uliopo. Umenisikia nikiwaambia wanafunzi wangu hivyo tangu ukiwa unacheza na vifungo chini ya meza ya kukatia, na sasa nakuambia wewe.

Tupige hesabu. Nikikata kiuno cha 28, gauni litamalizika na 29. Wewe ukiwa bado 32, unahitaji 33. Nikiacha inchi 1 ya akiba kwenye kila ukingo wa mishono miwili ya ubavuni, nina kingo nne. Nikifumua na kuacha robo inchi tu, kila ukingo unanipa robo tatu, jumla inchi 3. Gauni linafika 32, sawasawa na mwili, bila nafasi ya kuvuta pumzi. Na satini iliyoshonwa kwa robo inchi haishiki: nyuzi zake huanza kuachana kandokando ya mshono, taratibu, mpaka unaona bitana. Au zipu inaachia hapo hapo kiunoni, maana ndipo nguvu yote inapokusanyika. Tena satini haisahau sindano. Ukifumua, mstari wa matundu ya mshono wa kwanza unabaki, na taa za ukumbini zinauonyesha.

Kinyume chake ni rahisi. Nikikata kwa 32, nikataka kupunguza inchi 2, nabana nusu inchi kila ukingo, kazi ya saa moja. Zaidi ya hapo ndipo mikunjo ya kifuani inahama mahali pake na kwapa linavutwa.

Umeniandikia pia kwamba zamani ulivaa namba 10 na siku hizi hata 14 haipandi nyongani, na kwamba hilo ndilo lililokuliza mbele ya kioo. Nalo ni la vipimo. Hiyo 14 ni ya nani? Namba 12 ya Uingereza ni karibu 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya bara, na zote zimo kwenye belo moja la mitumba. Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000 ili viwanda vipate vipimo vya pamoja. Ripoti ikatoka 1941, na vilivyotumika ni vipimo vya wanawake weupe peke yao. Juu ya hesabu hizo ukajengwa utaratibu wa namba wa 1958, nao ukaachwa rasmi 1983. Tangu hapo kila kampuni hujipangia yake. Sasa angalia karatasi yako: toa 32 kwenye 45, unapata 13. Nguo za viwandani mara nyingi huweka tofauti ya karibu inchi 10 kati ya kiuno na nyonga. Ndiyo maana inayokukaa kiunoni inakwama nyongani, na inayopita nyongani inapwaya kiunoni. Mwenye kosa hapo ni yule aliyechora patani, ule mchoro wa kukatia nguo.

Hata picha uliyonitumia, ukasema "ona nilivyo", simu ilikuwa chini, karibu na mapaja. Kilicho karibu na kamera hukuzwa. Mwambie rafiki yako aishike usawa wa kiuno chako, arudi nyuma hatua nne, ndipo unitumie tena.

Nimerudia karatasi hii mara kadhaa na kila nikifika kwenye hiyo 45 nakumbuka kibaraza cha yule fundi, wakati wa sare za harusi ya mjomba wako. Ulikuwa kidato cha pili. Mmepangwa foleni, wewe na binamu zako, yeye anapima huku akimtamkia kijana wake aliyekaa kwenye cherehani aandike. Wenzako walipita kimyakimya. Ulipofika wewe akapaza sauti: "Nyonga arobaini!" Akatulia, akakuangalia juu mpaka chini: "Huyu ni mwanafunzi?" Binamu zako wakaangua kicheko. Shangazi yako, kwa kudhani anakusifu, akasema umechukua kwao. Siku ya harusi ulijifunga kanga juu ya sare kuanzia kanisani hadi ukumbini, jua lote lile la Januari, ukisema una baridi. Picha zote za harusi ile una kanga.

Nami nilikuwa pale kibarazani nikanyamaza. Miaka kumi na mitatu, na bado sauti ya yule fundi naisikia. Wanafunzi wangu sasa nawafundisha hivi: pima ukiwa ubavuni mwa mteja, si mbele yake; soma namba kwa sauti ya chini; mpe kalamu aandike mwenyewe; usiseme "umeongezeka" wala "umepungua", kwani hiyo si kazi ya futi. Yule fundi alipima sawasawa kabisa, na nguo ilikukaa vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa kuhusu kufika. Mtu anayepungua kwa utaratibu hupoteza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na kila kilo, kwa makadirio, ni kama sentimita moja ya kiuno. Wiki sita ni kilo 6 kwa wingi sana, sentimita 6, yaani inchi 2 na kidogo. Inchi 4 hazimo. Ile chai ya kupunguza tumbo uliyoitaja, soma pakiti. Nyingi zina sanamaki. Sanamaki inafungua choo. Inayotoka ni maji, na ukinywa lita moja ya maji kiuno kinarudi. Ukiizoea, utumbo nao unaanza kuisubiri. Mkanda wa kubana nao unasukuma nyama juu na chini. Ukipima umeuvaa nitakukatia gauni la mkanda.

Nilikuwa nimeandika hapa uache yote hayo, nikafuta. Una miaka ishirini na minane na mwili ni wako. Mtaani kwetu mwanamke akipungua anaulizwa kama anaumwa, akiongezeka anaambiwa ndoa imemkubali, na humo kwenye simu zenu wanataka kiuno cha nyigu na nyonga za mwali aliyetoka ndani, vyote kwa mtu mmoja. Sitaki sauti yangu iwe ya tatu. Lakini pia mimi ni mama yako na nimekuona ukiacha kula, najua uso wako unavyokuwa wiki ya pili. Basi sisemi. Ukitaka kupungua, pungua. Mlo wa mchana tu, mama, mlo wa mchana usiuache.

Gauni nitalikata hivi. Kwanza nashona la majaribio kwa merikani, kitambaa cha pamba cha kawaida, tugombane na hilo kabla mkasi haujagusa satini. Kiuno 32, akiba inchi 1 kila ukingo. Mgongoni sitaweka zipu. Naweka vitanzi kumi na viwili kila upande na kamba ya satini, na chini yake kipande cha kitambaa cha upana wa inchi 6 ili ngozi isionekane. Kamba hiyo inafunguka na kubana inchi 3 bila fundi, hata katikati ya sherehe baada ya chakula. Kwa kuwa unataka la nguva, linalobana hadi karibu na goti kisha kutanuka, sehemu nyembamba kabisa nitaiweka inchi 3 juu ya goti. Ikiwa kwenye goti lenyewe hutapanda ngazi za jukwaani. Nyonga 45, na ninaacha 2 za kukalia. Lesi itaanzia pale pale kwenye nyonga. Sitaificha.

Njoo Jumamosi ya wiki ijayo, basi la asubuhi. Njoo na sidiria utakayovaa siku hiyo, na viatu vyenyewe, maana pindo la chini silipimi mpaka uwe umevivaa.

Mama yako