Swali la lugha: Ndege anayekalia kuti kavu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya msingi wilayani Pangani, na ninaandaa maelezo mafupi ya ndege wa kwetu ili tuyabandike ukutani darasani. Kuna kile kindege chembamba kinachozungukazunguka minazi jioni, ambacho kitaalamu kinaitwa Cypsiurus parvus. Nimeandika hivi: "Mbayuwayu mdogo wa mitende ni spishi ambaye hutua chini ya majani na kulalia mayai yake aliyoyagandamiza kwa ute." Mwenzangu amesoma akasema huyo si mbayuwayu, ni teleka. Teleka ninayoijua mimi ni ya kuteleka chungu! Nani yuko sahihi? Na kama sentensi ina makosa mengine, naomba unirekebishe bila kunionea haya.

JIBU: Marahaba mwalimu. Mwenzako yuko sahihi kuhusu jina. Lakini sentensi yako nimeipenda sana, kwa sababu karibu kila neno lake linagusa jambo la kweli katika maisha ya ndege huyu. Nitaifuata neno kwa neno.

Tuanze na teleka. Kuteleka ni kuweka chungu au sufuria jikoni. Wapo wanaosema kuinjika. Hilo halizuii neno hilohilo kuwa jina la ndege. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo. Paa ni mnyama, paa ni la nyumba, na kupaa ni kwenda juu. Hatuchanganyikiwi, kwa sababu upatanisho unatuongoza: paa huyu, paa hili, amepaa. Vivyo hivyo, "teleka maji ya chai" ni amri, na "teleka wale wanazunguka mnazi" ni ndege. Walioandika habari za ndege kwa Kiswahili wamelishika neno teleka kwa familia ya Apodidae, na mbayuwayu wakamwachia familia ya Hirundinidae. Mimi naunga mkono mgawanyo huo, na sababu yangu nitaieleza.

Pwani utasikia pia barawai, mbarawai na kijumbamshale. Kwa wasemaji wengi majina haya huingiliana: mtu mmoja ataita barawai yule ambaye jirani yake anamwita mbayuwayu. Si kosa. Mzungumzaji anamwona ndege mdogo mwenye mabawa marefu akikata hewa, na jina moja linamtosha. Ila wewe unaandika maelezo ya darasani, na hapo jina moja kwa ndege wawili litawapoteza watoto.

Kabla sijaliacha kijumbamshale, upatanisho wake huwasumbua watu. Umbo ni la KI-VI, lakini ni jina la kiumbe hai, kwa hiyo tunasema kijumbamshale huyu anaruka, vijumbamshale hawa wanaruka, kama kipepeo na kiboko. Wewe uliandika "kindege chembamba kinachozungukazunguka", na hapo umepatia, maana hiyo KI- ni ya kumpunguza ndege, kama kitoto kinacholia.

Sasa, kwa nini teleka si mbayuwayu? Kwa macho wanafanana mno, na aliyewachanganya kabla yetu ni mtu mkubwa. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, baba wa majina ya kisayansi, alimpa teleka wa Ulaya jina la Hirundo apus, yaani alimweka ndani ya jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) ya mbayuwayu. Mwaka 1777 mwanasayansi Scopoli akamtolea jenasi yake mwenyewe, Apus, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha asiye na miguu. Siku hizi tunajua kwamba mbayuwayu ni jamaa wa shomoro na kunguru. Teleka wako upande mwingine kabisa: jamaa zao wa karibu ni wale ndege wadogo wa bara la Amerika wanaofyonza maua huku wameelea hewani kwa kupiga mabawa. Ndiyo kusema mbayuwayu yuko karibu zaidi kinasaba na kunguru kuliko na teleka. Kufanana kwao kumetokana na kazi moja: wote wanakula wadudu angani, na kazi hiyo imewachonga umbo moja.

Miguu anayo, bila shaka, ila ni mifupi na dhaifu, yenye kucha kali za kushikia. Hawezi kukaa tawini wala kusimama juu ya waya. Wape wanafunzi wako kipimo hiki, hakina gharama: kati ya hawa wawili, waliojipanga kwenye waya wa umeme ni mbayuwayu. Teleka humkuti hapo. Teleka wa Ulaya, ambaye huja Afrika wakati kwao ni baridi, alifuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, nao mwaka 2016 wakaeleza kwamba baadhi yao hukaa angani miezi 10 karibu bila kutua.

Na hapa ndipo neno lako "hutua" linapokwama. Kutua ni kushuka ukasimama: kunguru ametua paani, ndege ya abiria imetua Tanga. Teleka anapofika kwenye mnazi hashuki, hujirusha juu kutoka chini, akajishikiza kwenye kuti kwa kucha, kichwa juu, mkia chini. Andika hujishikiza, au hung'ang'ania ukitaka mtoto aone nguvu ya zile kucha.

Neno "mitende" ndilo lililonishughulisha zaidi. Najua limetoka wapi: vitabu vya kigeni vina jina moja kwa miti yote ya jamii ile, na watafsiri wengi wamezoea kuliweka "mtende" mahali pake. Lakini mtende, kwa anayeujua, ni ule unaozaa tende. Kiswahili hakikuhitaji jina la jumla kwa sababu kila mti una kazi yake na jina lake. Mnazi ni mnazi. Mkindu unatupa ukindu wa mikeka. Mchikichi unatupa mawese, na ndugu zetu wa Kigoma na Kongo hawawezi kuuita mtende hata uwalipe. Kuna mkoma, na kuna mvumo, mrefu, wenye majani mapana kama pepeo. Ndege wako ni wa miti hii ya asili tangu zamani, hasa mvumo. Minazi na miti ya mapambo iliyopandwa mijini aliipokea tu ilipomjia, na kwa kuifuata ameenea hata mahali ambapo zamani hakuwepo. Kwa watoto wa Pangani basi, mwite teleka wa minazi, kwa sababu hapo ndipo watakapomwona. Kwa mwandishi wa Kigoma sitashangaa akisema teleka wa michikichi. Jina la kisayansi litabaki mabanoni kuwaunganisha.

Neno "mdogo" nalo liondoe, ingawa naona ulikolipata: parvus ni Kilatini cha "-dogo", na mwanasayansi Lichtenstein ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1823. Ni mdogo kweli, gramu 14 hivi, na urefu wake wa sentimita 15 au 16 sehemu kubwa ni mkia. Lakini yuko teleka mwingine, Apus affinis, yule mnene kidogo mwenye kiuno cheupe anayejenga kwa makundi chini ya madaraja na penu za majengo, na huyo watu wengi wanamjua kwa sifa hiyo ya udogo. Wa kwako ni kijivu kahawia mwili mzima, hana weupe kiunoni, na mkia wake ni wa panda, ingawa mara nyingi huufumba ukaonekana kama sindano.

Sijui kama wanafunzi watauliza ndugu zake, ila uwe tayari. Yuko wa Asia, Cypsiurus balasiensis, kuanzia India kwenda mashariki. Na wale wa Bukini (Madagaska) na Komoro, ambao zamani walihesabiwa kuwa nususpishi, yaani tawi tu la spishi, ya huyu wetu, orodha nyingi za sasa zimewapa jina lao, Cypsiurus gracilis. Ukihitaji kuwaandika, sema teleka wa minazi wa Bukini. "Wa" mbili zikifuatana si kosa.

"Spishi ambaye" ni kosa la kweli, na nalikuta hata kwa waandishi wazoefu. Anayetaga ni ndege. Spishi ni kundi, ni jina la uainishaji kama jenasi na familia, na liko ngeli ya I-ZI. Chagua: spishi ambayo, au ndege ambaye.

Nije kwenye kiota. Mwaka jana nilikaa kwenye jamvi chini ya mnazi mzee, kuku wanachakura karibu, na nyoya moja jepesi likapeperushwa na upepo. Halikufika mbali. Teleka alipita akalidaka hewani na kupanda nalo hadi kwenye kuti lililokauka, lile lililoning'inia likisubiri kuanguka. Ndivyo anavyokusanya vifaa: manyoya na nyuzi nyepesi za mimea, vyote angani. Kisha huvibandika kwa mate yake upande wa ndani wa kuti, vikawa kama kipande kidogo cha sufi. Hutaga mayai mawili, nayo huyabandika kwa mate. Upepo wa kusi ukilichezesha kuti usiku kucha, mayai hayaanguki.

Tunaposema mtu amekalia kuti kavu tunamaanisha cheo chake kimo hatarini. Huyu ndiye anayelikalia kweli, na analea juu yake.

Sasa soma tena "aliyoyagandamiza". Kugandamiza ni kukandamiza kwa uzito, na yai likigandamizwa litapasuka. Ulichotaka ni kugandisha au kubandika. Nachagua kubandika, maana kugandisha kwa watoto wa leo kutawapeleka kwenye friji.

"Ute" pia badilisha. Ute ni kitu cha mlenda, na tukiutaja karibu na mayai kila mtu atafikiria ute wa yai. Kinachotoka kinywani ni mate, na mate ndiyo gundi ya ndege huyu. Usisahau: mate yanagundisha, wala si mate inagundisha.

Mwisho, "kulalia mayai". Kuku hulalia, hilo ni sahihi kabisa, maana kuku hulala juu ya mayai yake. Teleka wa minazi hana pa kulala. Kuti liko wima, naye yuko wima, amejishikiza kwa kucha, kifua chake kimegusa mayai yaliyobandikwa mbele yake, kwa takribani siku 20, akipokezana na mwenzake. Kisha makinda nayo hushikilia kuti hilohilo kwa kucha zao karibu mwezi mzima kabla ya kuruka. Kiswahili kina neno linalomfaa bila kumlaza: kuatamia.

Kwa hiyo bango lako liandikwe hivi:

"Teleka wa minazi (Cypsiurus parvus) ni ndege ambaye hujishikiza kwenye kuti lililoning'inia na kuatamia mayai yake aliyoyabandika kwa mate."

Na siku mtakapolibandika, watoe nje saa kumi na moja jioni watazame makuti makavu, si yale mabichi ya juu.