Mbotela ni wa Pwani, na kabla ya VOK palikuwa na Sauti ya Mvita

Ndugu, umeuliza kama mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alikuwa mtu wa Nairobi, na kama Mombasa ilikuwa na redio yake kabla ya hizi FM.

La kwanza: Mbotela ni wa huku huku, kazaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940. Alijiunga na Sauti ya Kenya, ile redio ya serikali iliyoitwa VOK, mwaka 1964, na 1966 akaanza kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?" Kwangu mimi hajatokea mtangazaji wa Kiswahili aliyemfikia, hata kwenye mpira. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walimtoa nyumbani kwake wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa, na sauti ile ile ya ucheshi ndiyo watu waliyoamkia. Alifariki Februari 2025.

La pili: ndiyo, ilikuwepo redio ya Sauti ya Mvita (Mvita ndiyo Mombasa), miaka ya 1950, na taarabu ya mwambao ilisikika humo. Baadaye matangazo yote yakawa ya VOK, iliyogeuka KBC, shirika la utangazaji la taifa, mwaka 1989. Pwani FM ni ya hao hao KBC.

Ila kipindi cha zilipendwa, zile nyimbo za zamani, bila salamu za wasikilizaji si zilipendwa! Babu yangu alinunua kadi za salamu za kutuma redioni, akajaza majina kwa kalamu ya wino hadi pembeni kabisa, kisha siku nzima haondoki penye redio ya mbao. Likisomwa jina la jirani kabla ya lake, ananuna mpaka magharibi.