Kuzima swichi ya soketi hakuufanyi ukuta kuwa salama

SWALI: Fundi, nataka kutundika televisheni ya inchi 43 juu ya soketi. Ukuta ni wa tofali za kuchoma, umepigwa plasta. Jirani kaniambia nizime swichi ya soketi, kisha nitoboe huku nikimwagia maji kupunguza vumbi. Niendelee?

JIBU: Hapana, kwa yote mawili.

Swichi ya soketi hukata umeme kwenye matundu unayochomekea tu. Waya uliozikwa kwenye plasta unafika nyuma ya swichi hiyo ukiwa na umeme, iwe imewashwa au imezimwa, na ndio huo drili itakaoukuta. Shusha breka ya soketi za chumba hicho, kisha washa swichi ya soketi hiyo na uchomeke hapo taa ambayo umeiona ikiwaka kwingine. Isipowaka, sawa. Drili nayo ichukue umeme kwenye sakiti nyingine, au tumia ya betri. Kama kuna inveta ya sola, izime pia. Na msiniambie "Luku imeisha": mtu akiingiza tokeni ukiwa umeshika drili, je?

Hata umeme ukizimwa, usitoboe mstari ulionyooka juu ya soketi, maana ndiko waya hupita kwa kawaida. Ukijeruhi waya uliozimwa hutapigwa shoti siku hiyo, ila skrubu itabaki imeugusa. Ukirudisha breka, bracketi nzima ya televisheni inaweza kuwa na umeme.

Maji na drili ya volti 230 havikai pamoja, na biti iliyopata moto ikimwagiwa maji huweza kupasuka ncha. Vaa barakoa ya FFP2 na miwani, mwenzako ashike mdomo wa vakyumu chini ya tundu. Tumia biti ya milimita 8 kwa plagi ya 8 (kile kijiti cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani), anza drili ikizunguka tu bila kugonga, lenga katikati ya tofali. Plagi izame kwenye tofali lenyewe, maana plasta haishiki uzito.

Wanaonikera zaidi ni wanaopapasa ukuta kwa testa ya bisibisi na kutangaza "hapa hakuna waya". Testa hiyo hutambua umeme ikigusa chuma chenye umeme, haioni kilichomo ndani ya plasta. Na mafundi wengi hutindua njia ya waya kwa mshazari ili kuokoa waya, kwa hiyo hata kukwepa mstari ulionyooka pekee hakuaminiki. Mnaojenga sasa, pigeni picha za paipu za waya kabla ya plasta, futi kamba ionekane kwenye picha. Kwa nyumba iliyokwisha kupigwa plasta, fundi akifika na drili bila kuuliza meinswichi iko wapi, mrudishe alikotoka.