PSA kupanda kidogo baada ya mionzi
Pole sana kaka. Umesema ulimaliza mionzi ya kansa ya tezi dume mwaka jana, PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ikashuka mpaka 0.4, sasa imesoma 0.7 na usingizi umekata, hata mkeo hujamwambia. Usikimbilie kusema kansa imerudi. Kwa aliyepigwa mionzi tezi dume bado ipo mwilini, kwahiyo PSA kwa kawaida haiishi kabisa, na miaka 2 ya mwanzo baadhi inawapanda kidogo alafu inashuka yenyewe, madaktari huhesabu imerudi ikipanda 2 nzima juu ya namba ya chini kabisa uliyowahi kufika, yani kwako 2.4, bado uko mbali (aliyetolewa tezi hesabu yake ni tofauti, usijilinganishe nae). Rudia kipimo maabara ileile, siku mbili kabla usiendeshe baiskeli wala kushiriki tendo, na kama mkojo unauma mwambie daktari maana UTI nayo inapandisha. Andika kila namba na tarehe yake kwenye daftari, daktari anaangalia mwendo wake. Na mkeo mwambie leo bana, usibebe peke yako. Ila mgongo ukiuma bila kuacha au miguu ikaishiwa nguvu usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.