Maswali ya wasomaji: bada, wali wa nazi na sukari mwilini

Maswali ya safari hii yametoka Makorora, Ngamiani, Muheza na Pangani, huku kwetu Tanga, yote ya wenye kisukari aina ya pili au wanaowauguza. Namba za sukari tunazotaja ni za milimoli kwa lita. Kwa watu wazima wengi shabaha ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya saa mbili tangu tonge la kwanza. Wazee sana na wajawazito hupangiwa shabaha zao kliniki, wafuate hizo.

Nimeacha sembe, nakula dona na siku nyingine bada (ugali wa muhogo). Chai nakunywa kavu, bila sukari kabisa. Mbona baada ya chakula cha mchana napata 13? (Baba, Makorora)

Mzee wetu, hongera kwa chai, lakini kijiko kimoja cha sukari ulichoacha ni gramu 4 tu. Mzigo uko kwenye sinia. Unga wa dona gramu 100 una wanga unaozidi gramu 70, na wanga wote huishia kuwa sukari kwenye damu. Dona inaizidi sembe kwa nyuzinyuzi na vitamini, kwa hiyo usirudi nyuma, ila ikisagwa laini inapandisha sukari karibu sawa na mwenzake. Bada ndiyo nzito zaidi. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu na protini yake ni ndogo mno, ndiyo maana bila samaki wa kutosha mtu anakula tonge juu ya tonge na hashibi.

Pima unga kabla haujaingia sufuriani, kwa sababu ugali ukishaiva jicho linadanganya. Chukua kikombe cha mililita 250, jaza unga wa mahindi, sawazisha juu kwa kisu. Hapo una gramu kama 125 za unga, na wanga zaidi ya gramu 90. Ugali wake ni wa watu wawili, kila mmoja apate wanga wa gramu 45 hivi. Gramu 45 hadi 60 kwa mlo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa watu wazima wengi. Kwa bada, kikombe hicho kisijae, kiishie robo tatu, na bado ni cha wawili.

Wengi wanakwama hapa: wanapunguza ugali bila kuongeza kitu, saa kumi jioni njaa inauma, wanamaliza maandazi matatu kwenye kibaraza. Nafasi iliyoachwa na ugali ijazwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, mlenda, hata nusu ya sahani. Samaki awe kipande cha kutosha kiganja. Maharage na mbaazi hesabu upande wa wanga, maana nusu kikombe cha mbaazi zilizoiva kina gramu 20 hivi. Lakini hupanda polepole na hushibisha, na kwetu ni heri sahani yenye mbaazi na ugali mdogo kuliko ugali mkubwa na mchuzi.

Wali wa nazi naambiwa niuache. Lakini nikipima baada ya saa mbili napata 8.6, nikila wali mweupe napata 11. Nani mkweli? (Mama wa Ngamiani)

Mashine yako ni kweli, ila umeipima mapema. Tui lina wanga kidogo na mafuta mengi, na mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni. Sukari ya wali wa nazi kwa hiyo inaweza kupanda taratibu na kufika kileleni baadaye. Siku moja pima baada ya saa mbili, kisha pima tena baada ya saa nne, bila kutia kitu kinywani katikati. Ukikuta namba ya pili imepita ile ya kwanza, umeshapata jibu lako.

Hatusemi uuache. Mchele mkavu kikombe kimoja utoe sahani tatu, kila moja ina wanga wa gramu 50 hivi. Pikia tui jepesi la mkamuo wa pili, lile zito liache, kwa sababu mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, na mwenye kisukari moyo wake tayari uko hatarini. Halafu anza na mboga na samaki, wali uje mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari. Ukimaliza, tembea dakika 10 hadi 15 kabla ya kujilaza.

Kuhusu kiporo, ambacho watu husema hakina sukari: wali uliopoa hubadilika kidogo na sehemu ya wanga wake husagika kwa shida, basi. Nafuu yenyewe ni ndogo. Na kwa joto la Tanga, wali uliolala mezani unaharisha. Kama huna friji, usilaze.

Nakaa Muheza, machungwa ni bure. Nakunywa glasi moja ya juisi halisi asubuhi, haina sukari ya kuongeza, na bado mashine inasema 14.

Chungwa moja la wastani lina wanga wa gramu 15 hivi. Glasi ya mililita 250 inakula machungwa matatu au zaidi na kukupa gramu kama 26, zinazoingia kwa mpigo kwa sababu nyama na ngozi nyeupe ya ndani, ambazo zingezuia, zimebaki kwenye chujio. Acha kukamua, kula chungwa moja lizima na vile vijingozi vyake, na kama unalila pamoja na chakula, punguza tonge moja au mawili.

Halafu tuulize jambo dogo: unapima kidole kipi? Ukimenya chungwa, ukapangusa mkono kwenye kanga na kujichoma, tone la damu linachanganyika na maji ya tunda yaliyobaki kwenye ngozi, na mashine inasoma sukari ya chungwa. Namba inaweza kuruka mno bila wewe kuwa na tatizo lolote. Kupangusa kwa spiriti hakutoshi. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, ndipo ujichome. Na chupa ya vijiti vya kupimia ifungwe mara tu unapotoa kimoja. Unyevu wetu wa pwani huviharibu kabla ya tarehe yake.

Asali na sukari guru si ni asilia? (Pangani)

Ni asilia, na ni sukari. Kijiko kidogo cha asali kina wanga wa gramu 6 hivi, nyingi kuliko hata kijiko kama hicho cha sukari nyeupe, kwa sababu asali ni nzito.

Na dafu?

Dafu lenye mililita 300 lina sukari ya gramu 12 hivi. Moja kwa siku, likihesabiwa, halina ubaya, ila lisichukue nafasi ya maji. Mwenye figo zilizochoka aulize kwanza, dafu lina potasiamu nyingi.

Usiku nakula mlenda na kipande cha samaki tu. Nalala na 7, naamka na 9.8. Hiyo sukari inatoka wapi? (Dada, Ngamiani)

Inatoka kwenye ini lako. Alfajiri mwili hutoa homoni za kukuamsha, na ini humwaga sukari iliyohifadhi. Asiye na kisukari kongosho lake huidhibiti, lako linazidiwa. Kulala na njaa hakutaizuia. Kwa siku chache andika namba mbili, ya kulala na ya kuamka. Ukilala juu, tatizo ni chakula cha usiku. Ukilala vizuri na kuamka juu, kama ulivyoeleza, peleka karatasi hiyo kliniki, huenda dawa au saa ya kuimeza ndiyo ya kubadilishwa. Kama unatumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) na unaamka umelowa jasho au kichwa kinauma, pima siku moja saa 9 usiku, huenda sukari inashuka ukiwa usingizini.

Mume wangu anameza glibenklamidi. Alitetemeka na kutokwa jasho, mashine ikasema 3.1. Nikampa chapati na chai ya maziwa isiyo na sukari, akakawia sana kupata nafuu.

Chapati ina mafuta, inachelewa. Sukari ikiwa chini ya 4 mpe kitu chepesi kinachoingia haraka: vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida nusu glasi, mililita 150 hivi. Soda isiyo na sukari haisaidii. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini ya 4 rudia kipimo kilekile. Ikishapanda, ndipo chapati, au mlo wenyewe kama saa yake imefika.

Akiwa hajitambui, usimtie kitu kinywani, atapaliwa. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Na hata akizinduka na kucheka, msimwache peke yake siku hiyo: glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu, na sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Dozi inayofuata asiimeze mpaka mmezungumza na daktari wake.