Mbwa Hukutazama Kabla ya Kukusikiliza

Wewe unayeanza kufundisha mbwa, nakuomba ufanye jaribio hili kabla ya lolote. Simama wima, mikono mgongoni, macho ukutani, kisha tamka "kaa" kwa sauti yako ya kawaida. Mbwa anayekaa kila siku akiamriwa, leo akibaki amesimama anakukodolea macho, ujue neno hajalishika. Anachokijua ni mkono unaouinua, au kile kichwa unachokiinamisha bila wewe mwenyewe kuwa na habari.

Wengi hapa humwita mbwa mbishi. Si mbishi hata kidogo. Mbwa ni hodari wa kusoma mwili wa binadamu, na akishapata jibu kwa macho hana sababu ya kuhangaika na sauti. Watafiti wanalijua hili vizuri. Mwaka 2004 Wajerumani walipotangaza habari za Rico, mbwa aina ya border collie aliyejua majina ya vitu zaidi ya 200, walikuwa wamempima kwa kuviweka vitu chumba kingine ili asione uso wala mkono wa anayemwagiza. Huko Marekani, Profesa John Pilley alimfundisha Chaser, wa aina hiyohiyo, majina ya vitu 1,022. Kazi ile ilichukua miaka mitatu ya mazoezi ya kila siku, kwa hiyo usikate tamaa wako akichelewa kushika maneno matano.

Sasa njia yenyewe. Tamka neno kwanza. Nyamaza kidogo, kama sekunde moja, mwili ukiwa umetulia kabisa. Ndipo utoe ishara ya mkono. Vikienda pamoja, ishara hulimeza neno, na unaweza kufundisha mwaka mzima usipate kitu. Neno likitangulia, mbwa huanza kulisikiliza kwa kuwa linampa habari ya kinachofuata. Siku moja atakaa ndani ya kile kimya, mkono ukiwa bado chini. Mpe nyama papo hapo, na umsifu kwa sauti ya furaha. Usirudie "kaa, kaa, kaa", maana atajifunza kwamba amri ni ile ya tatu.

Maneno yachague kwa makini. Mwaka 2020 watafiti wa Budapest, Hungaria, walipima mawimbi ya ubongo ya mbwa wa kufugwa majumbani, wakaona kwamba maneno wanayoyajua waliyatofautisha na maneno ya kubuni yasiyofanana nayo kabisa, lakini si na maneno ya kubuni yaliyopishana nayo kwa sauti moja tu. Kwa hiyo "njoo" na "nje" usiwape mbwa mmoja. Sema "njoo" na "toka". Kisha nyumba nzima ikubaliane: baba akisema "kaa", dada "keti" na watoto "sit", mbwa atarudi kwenye kutazama mikono. Andikeni orodha muibandike mlango wa jikoni.

Fimbo iache kabisa. Mbwa aliyezoea kupigwa anachunga mkono wako muda wote, naye anayechunga mkono hana nafasi ya kusikiliza. Ukali hapa unaua hasa kile unachotafuta.

Akishaweza uani, mfundishe upya getini, halafu barabarani, kwa sababu kwake kila mahali ni somo jipya. Anza na sehemu tulivu.

Na mnaoandaa mbwa wa ulinzi, hili kwenu si hiari, kwani gizani huenda asiione ishara yako vizuri. Zoezi la mwisho lifanyike taa zikiwa zimezimwa: anza ukiwa hatua mbili kutoka kwake, uongeze umbali kidogo kidogo, na akikosea mara mbili mfululizo rudi karibu, upunguze ugumu, ndipo uendelee.